Njia ya Musumba: tairi pana na janti za kutoka inje, faida iko wapi?

Mvua ikikaribia, garaji za Kolwezi zinapokea kamioneti nyingi za watu wanaofanya njia ya Sandoa, Kapanga na Musumba. Wengi wanakuja na ombi moja: kutosha tairi nyembamba zilizokuja na gari, kuweka pana, na kutafuta janti zenye kutoka inje ya bodi. Gari inasimama vizuri, inaonekana na nguvu. Ulizo ni kama nguvu hiyo ni ya macho tu, ao inasaidia kweli wakati gari imeingia ndani ya mchanga na shehena nyuma.

Janti mbaya haionyeshi ubaya wake palepale Kolwezi. Kwenye lami gari inatembea, dereva anafurahi. Ubaya unatokea mbali, baada ya Kasaji ao katikati ya Sandoa na Kapanga, fasi ambapo rulema ikivunjika hakuna duka la kuuza ingine. Kama gari ilibeba chumvi na sabuni, mwenye mali anapoteza siku kadhaa. Kama ilikuwa inaleta mgonjwa ao dawa, hesabu ni ingine kabisa.

Kutoka Kolwezi mpaka Musumba ni zaidi ya kilomita 400. Njia inafuata upande wa reli kwenda Mutshatsha na Kasaji, kisha inaacha reli na kupanda kaskazini kuelekea Sandoa na Kapanga. Sehemu kubwa ya upande huu wa Lualaba imefunikwa na mchanga wa Kalahari, ule ule unaopatikana Angola, Zambia mpaka Botswana. Ni mchanga laini, wa chembe ndogo. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, unakauka na kuwa kama unga: gurudumu linazama. Mvua ikinyesha, mchanga wenyewe unakazana kidogo na kupitika vizuri zaidi, lakini mabondeni, karibu na mito, kunakuwa udongo mweusi wa kunata. Na karibu na Kolwezi kuna kitu cha tatu: mawe makali ya njia za machimbo, yanayopasua tairi ubavuni.

Zamani ginsi hii ya kuhangaika ilikuwa kinyume. Makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, hayakukaa fasi moja. Mfalme mupya alijenga musumba yake fasi ingine, na watu wakamfuata. Leo Musumba imetulia karibu na Kapanga, na ni gari ndizo zinapaswa kuifikia.

Tuanze na janti, maana tairi inafuata janti.

Kila janti iko na sura moja ya chuma inayogusana na moyo wa gurudumu, pale buloni zinapopita. Kutoka sura hiyo mpaka ukingo wa janti wa upande wa ndani, ule unaotazama resori na freni, kuna umbali fulani. Hapa tutauita kina cha ndani. Kina kikiwa kirefu, gurudumu linaingia chini ya gari. Kina kikiwa kifupi, gurudumu linasukumwa inje. Ndiyo maneno yote ya janti "za kutoka inje": ni janti zenye kina cha ndani kifupi.

Kukipima hakuombi mashine. Laza janti chini, uso wa inje ukitazama udongo. Weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa ndani, kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Pima kwa metre kutoka chini ya ubao mpaka kwenye sura ya buloni. Kama tairi iko bado juu ya janti, angalia ubao usilale juu ya mpira, kwa sababu mpira unavimba kupita chuma na utakudanganya kwa sentimeta moja ao mbili.

Wauzaji wengine hawataji kina. Wanataja alama ET iliyochongwa juu ya janti, ile Wafaransa wanaita déport. ET inapimwa kutoka katikati ya upana wa janti, si kutoka ukingo. ET 0 maana yake sura ya buloni iko katikati kabisa. ET 30 maana yake sura hiyo imesogea milimita 30 upande wa inje, kwa hiyo gurudumu linaingia ndani. ET yenye alama ya kutosha, kama −20, gurudumu linatoka inje.

Hesabu ya kubadilisha moja kuwa ingine ni nyepesi, lakini kuna mtego ndani. Janti inayoitwa ya inchi 8 haina inchi 8 ukiipima kutoka ukingo mpaka ukingo. Inchi 8 ni fasi tairi inakaa. Ukiongeza unene wa kingo mbili inafika karibu inchi 9, yaani milimita 229. Nusu yake ni 114. Basi janti ya inchi 8 yenye ET 0 iko na kina cha milimita 114. Ikiwa ET 30, kina ni 144. Ikiwa −20, kina ni 94. Anayesahau ile inchi moja ya kingo anakosea zaidi ya sentimeta moja, na sentimeta moja inatosha ili tairi iguse resori.

Sasa tuseme mtu alikuwa na janti ya inchi 6 yenye ET 30, anaiacha na kuchukua ya inchi 8 yenye ET −20. Katikati ya gurudumu imesogea inje sentimeta 5. Ukingo wa inje umesogea sentimeta 7 na nusu, kwa sababu janti yenyewe imepanuka pia. Na hiyo ni kila upande. Gari imekuwa pana kwa sentimeta 15 bila mtu kugusa bodi.

Sentimeta 5 hizo zinafanya nini? Chukua ndoo ya maji, uibebe mkono ukiwa karibu na mwili. Kisha nyoosha mkono. Ndoo ni ile ile, maji ni yale yale, lakini bega linalia. Rulema za moyo wa gurudumu ni lile bega. Zilipangwa ili uzito wa gari uangukie katikati yao. Ukisogeza gurudumu inje, rulema ya upande wa inje inabeba zaidi ya sehemu yake, na buloni zinavutwa kila mara gari inapoanguka ndani ya shimo. Kwenye lami ya Kolwezi rulema inaweza kuvumilia muda mrefu. Na tani moja nyuma, kwenye njia yenye mashimo siku mbili mfululizo, ni neno lingine.

Mbele kuna shida ya zaidi. Gurudumu la mbele linazunguka juu ya msitari usioonekana unaopita kwenye pivo na kugusa udongo karibu na katikati ya tairi. Ukisukuma tairi inje, inaachana na msitari huo. Kuanzia hapo kila jiwe na kila shina la mti linapata mkono mrefu wa kuvuta volani. Madereva wanajua: volani inapiga vidole. Pivo na viungo vya volani vinalegea mbele ya wakati, na ukikata kona kali tairi inachora duara kubwa zaidi na kugonga bati kwa nyuma.

Vile vipande vya chuma vya mviringo vinavyowekwa kati ya moyo na janti ili kusukuma gurudumu inje havibadilishi hesabu hii. Kipande cha milimita 30 ni sawa na kupunguza kina cha ndani milimita 30, na zaidi ya hapo umeongeza buloni zingine za kulegea. Kwa njia ya Musumba, afazali kuviacha dukani.

Lakini hatuwezi kusema kwamba mwenye kutaka janti za inje ni mjinga tu. Kwa Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizotoka tangu 2007, zile kamioneti zinazoonekana kila fasi Lualaba, Toyota walipanua upande wa mbele na kuacha ponti ya nyuma vile ilivyokuwa. Matokeo: magurudumu ya nyuma yanakaa ndani kuliko ya mbele, karibu sentimeta 9 na nusu kwa jumla, yaani kama 5 kasoro kila upande. Juu ya lami hakuna anayejali. Ndani ya mchanga unajali sana. Gurudumu la mbele linakandamiza mchanga na kufungua njia. La nyuma lingetakiwa kupita mle mle. Kumbe linapita pembeni, nusu ndani ya njia na nusu ndani ya mchanga mupya, na mashini inafanya kazi mara mbili. Dereva anasikia nyuma ya gari inatambaa kama nyoka.

Kwa hiyo wengine wanaweka nyuma janti zenye kina kifupi ili misitari miwili ilingane. Inasaidia kweli ndani ya mchanga, lakini rulema za nyuma, ambazo njo zinabeba shehena, zinalipa. Australia, ambako kamioneti hizi ziko nyingi sana na shida ni ile ile, kuna makarakana yanayorefusha ponti yenyewe, ili gurudumu lisogee pamoja na rulema zake. Hiyo ni dawa safi, ila bei yake si ya mchuuzi wa Sandoa. Kwa gari inayobeba mzigo mzito, kuacha nyuma vile ilivyo na kupunguza upepo wa tairi ni busara zaidi. Kwa gari nyepesi, ya watu wawili na vyombo vyao, kusogeza sentimeta 2 ao 3 nyuma tu kunaweza kueleweka, mradi mwenyewe akubali kuangalia rulema mara kwa mara.

Tuje kwa tairi. Chukua mbili zinazouzwa sana: 235/85R16 na 265/75R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni janti ya inchi 16. Ukifanya hesabu, ya kwanza iko na kimo cha milimita 806, ya pili 804. Ni kimo kimoja. Mwenye kununua 265 hakupandisha gari hata kidogo. Amenunua milimita 30 za upana, 15 kila upande. Tairi ya zamani ya 7.50R16, ambayo wenye kamioneti wengi wanaijua, nayo iko karibu na kimo hicho, na ni nyembamba kuliko zote mbili.

Upana ule unaleta deni. 235/85R16 inakubali janti ya inchi 6 mpaka 7 na nusu. 265/75R16 inaomba 7 mpaka 8. 285/75R16 inaomba 7 na nusu mpaka 9. Ukiweka 265 juu ya janti nyembamba ya kiwanda, ya inchi 5 na nusu, tairi inabanwa mdomo, inavimba katikati, inalika katikati, na siku umepunguza upepo ndani ya mchanga inaweza kutoka kwenye ukingo. Ndiyo sababu upana wa tairi hauachani na janti: ukipanua tairi unalazimishwa kupanua janti, na ukipanua janti unarudi kwenye ulizo la kina. Wengi wanaanza kwa tairi, wanalipa, kisha wanagundua hilo la pili.

Faida ya upana ni ipi basi? Wazo la watu wengi ni kwamba tairi pana inaelea juu ya mchanga. Si uongo, lakini inaelea kwa sababu gani? Kinachobeba gari ni ile alama tairi inaacha chini, urefu wake mara upana wake. Ukipunguza upepo, tairi nyembamba inalala na alama yake inakuwa ndefu, kwa mbele na nyuma. Alama ndefu inafuata njia ileile na haisukumi mchanga mwingi mbele yake. Alama pana inasukuma rundo la mchanga kama jembe. Kwa hiyo tairi ndefu na nyembamba yenye upepo kidogo inaweza kupita fasi ambapo tairi pana iliyojazwa sana imekwama. Wanaokwama kati ya Sandoa na Kapanga, mara nyingi wamekwama na upepo wa lami ndani ya tairi.

Vipimo vinatofautiana na mzigo. Gari nyepesi ndani ya mchanga mzito inaanza na bari 1.5, zile ambazo kwado wengi wanaita kilo. Ikishindwa, inashuka mpaka 1.2. Ikiwa na shehena, nyuma ibaki kwenye 2 ao karibu. Ukisha kupunguza, tembea polepole, kona kali hapana. Na ukifika fasi ya mawe, jaza tena, maana tairi iliyolala inaweka ubavu wake wazi kwa jiwe. Hivyo pompi ndani ya gari ni chombo cha kazi kama kriki.

Kwenye potopoto mambo yanageuka tena. Bonde ambalo chini yake kuna udongo mgumu, tairi nyembamba inakata matope, inafika chini na kushika. Bonde lisilo na chini, tairi pana inasaidia kidogo, lakini kwa kweli hapo mnatafuta koleo na matawi, tairi ya aina yoyote. Halafu kuna mifereji iliyochimbwa na kamio kubwa. Wengine wanatumaini kwamba kupanua gari kutaifanya ilingane na mifereji hiyo. Haitalingana. Kamio ni pana zaidi kwa mbali, na sentimeta chache za janti zinaacha gari imelala upande vile vile.

Kuna hesabu ingine ambayo duka halitaji: ya kwado. Njiani, kwado iko na vyuma viwili vya kufungulia tairi, gundi, viraka na pompi ya mkono. Kwa vyombo hivyo anaweza kutengeneza 7.50R16 yenye mpira wa ndani, kando ya njia, chini ya mti. Tairi pana isiyo na mpira wa ndani, ikitoka kwenye ukingo, inaomba upepo mwingi kwa mara moja ili irudi, na pompi ya mkono haiwezi. Lakini mpira wa ndani nao uko na mipaka: ukipunguza upepo sana, tairi inateleza juu ya janti, inavuta mpira, na shina la valvi linakatika. Mwenye mpira wa ndani asishuke chini kama mwenye tairi isiyo nao.

Na kwa wale wenye janti za vipande, zile zenye pete ya chuma inayoshikilia tairi: pete iliyokaa vibaya inaweza kuruka wakati wa kujaza upepo na kuua mtu. Isafishwe kutu, ikae vizuri mzunguko wote, gurudumu lilazwe pete ikitazama chini ao lifungwe kwa mnyororo, na hakuna mtu, hasa watoto wanaokuja kuangalia, kusimama mbele yake.

Kabla ya kulipa janti, tazama buloni. Kamioneti ya Land Cruiser ya siku hizi iko na buloni 5 juu ya duara la milimita 150, na tundu la katikati la 110. Hilux na Prado ziko na 6 juu ya duara la 139.7. Hakuna nyundo itakayofanya moja iingie kwenye ingine. Tazama pia ekru: zenye mdomo wa mviringo uliochongoka hazishiki janti ya aluminiumu iliyotengenezwa kwa ekru bapa. Kwa tairi za okazyo, tafuta namba nne mwishoni mwa alama ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa miaka kumi unaweza kuonekana mzuri na meno yote, lakini ubavu wake umekauka. Na soma namba ya uzito: 116 ni kilo 1250 kwa tairi moja, 120 ni 1400, 123 ni 1550. Mchuuzi wa mahindi asichukue 116 eti kwa sababu ni pana.

Anayefanya njia ya Musumba na mzigo, kwa hiyo, anapata zaidi kwa 235/85R16 ao 7.50R16 nzuri, juu ya janti yenye kina cha kiwanda ao karibu nacho, kuliko kwa seti pana ya kutoka inje. Mwenye Hilux nyepesi anayebaki kati ya Kolwezi na Mutshatsha anaweza kuchukua 265 juu ya janti ya 7 ao 7 na nusu bila kujutia, akiwa hakubadilisha ET zaidi ya sentimeta moja ao mbili.

Ukisha kuvalisha gurudumu mupya, kata volani mpaka mwisho kila upande, na gurudumu moja likiwa limepanda juu ya jiwe kubwa ao gogo, ili resori ibanwe. Vidole viwili vipite kati ya tairi na kila kitu: resori, freni, bati. Kama havipiti ukiwa umesimama, tairi itaguswa ukiwa na mwendo. Na ekru zinalegea safari ya kwanza, hata zilizokazwa na fundi mwenye mikono mikali. Zikazwe tena baada ya kilomita 50, kabla ya kuufikia mchanga, na mara ya pili Mutshatsha, gari ikiwa imepoa.